Je, maji baridi ya Dunia yanaweza kuisha?

Swali hili lina majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Ukiuliza kuhusu Dunia nzima, jibu ni hapana, na sababu zake zinapimika. Ukiuliza kuhusu kisima fulani, bonde fulani la mto au mji fulani, jibu ni ndiyo: maji huisha, yameshawahi kuisha, na kuna mahali yanaelekea kuisha sasa hivi huku bahari ikiwa kilomita chache tu kutoka hapo. Mijadala mingi kuhusu maji hukwama kwa sababu mmoja anapiga hesabu ya sayari na mwenzake anapiga hesabu ya kisima. Tuanze na ya sayari, kwa kuwa ni fupi.

Hesabu ya sayari

Maji yote ya Dunia yanakadiriwa kuwa kilomita za ujazo bilioni 1.386, na kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja. Asilimia 97.5 ya hayo yana chumvi. Yanayobaki, kama kilomita za ujazo milioni 35, ndiyo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Karibu asilimia 69 ya maji baridi yameganda, sehemu kubwa ikiwa barafu ya Antaktika na Greenland. Asilimia 30 hivi yako ardhini. Kinachoonekana kwa macho ni kidogo mno: maziwa yote ya maji baridi yana takriban kilomita za ujazo 91,000, na zaidi ya 23,000 kati ya hizo zimo katika ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Mito yote ya dunia, ukiisimamisha kwa wakati mmoja na kuipima, haizidi sana 2,100.

Maji hayo yana njia moja ya kutoka Duniani moja kwa moja. Juu sana angani, mionzi ya jua hupasua molekuli za maji, na haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, hukimbilia anga za mbali kwa kasi ya takriban kilo 3 kwa sekunde. Hiyo ni haidrojeni ya maji yapatayo tani 850,000 kwa mwaka, chini ya sehemu moja ya elfu ya kilomita ya ujazo. Kwa mwendo huo, miaka bilioni moja ingepunguza maji ya Dunia kwa chini ya asilimia 0.1. Mengine yote huzunguka. Unayokunywa hutoka kama jasho, mkojo na pumzi. Hata yale ambayo mimea huyavunja ili kutengeneza chakula hurudi pale chakula hicho kinapoliwa, kinapooza au kinapoungua.

Hata hivyo, kusema kwamba maji hayaishi si sawa na kusema kwamba maji baridi hayapungui. Yanapungua. Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 za barafu kila mwaka tangu satelaiti zilipoanza kuipima kwa uzito mwaka 2002, na barafu hiyo inapoyeyuka huingia baharini na kuwa maji ya chumvi. Maji ya visima virefu nayo yakishapita shambani au bombani huishia baharini kwa sehemu kubwa, ndiyo maana kusukuma maji ya ardhini kumehesabiwa miongoni mwa mambo yanayopandisha usawa wa bahari. Ukilinganisha na zile milioni 35, upungufu huu ni mdogo. Hata karne nzima ya namna hii haifikishi asilimia 1. Ila barafu ya Antaktika hainyweshi mtu. Akiba kubwa ya maji iliyo mbali haina msaada kwa mwenye kiu, kwa hiyo kujua maji ni mengi kiasi gani hakutufikishi mbali. Tunahitaji kujua yanapita kwa kasi gani, wapi, na yakiwa katika hali gani.

Kinachopita

Kiwanda cha maji baridi ni jua. Maji ya bahari yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma. Mvuke hukaa hewani kama siku 9 kwa wastani, kisha hushuka. Kila mwaka nchi kavu hupata mvua na theluji ya takriban kilomita za ujazo 110,000. Kati ya hizo, kama 70,000 hurudi hewani kupitia mimea na udongo, na hizo ndizo zinazokuza misitu, malisho na mashamba yanayotegemea mvua. Kama 40,000 hutiririka mitoni au kuzama ardhini na kutokea tena kwenye chemchemi.

Binadamu huchota takriban 4,000 kwa mwaka. Asilimia 70 hivi huenda kwenye umwagiliaji, karibu asilimia 20 viwandani na kwenye mitambo ya umeme, na kinachobaki ndicho cha mabomba ya mijini na majumbani. Mtu akisikia 4,000 kati ya 40,000 anaweza kutulia. Asitulie haraka. Nusu ya mtiririko huo ni mafuriko yanayopita kwa siku chache na kuingia baharini kabla hayajakingwa. Sehemu nyingine iko mahali ambapo watu ni wachache mno: Amazon peke yake hupeleka baharini karibu moja ya tano ya maji yote ya mito ya dunia. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1996 na mtafiti wa maji Sandra Postel na wenzake ilionyesha kwamba, ukitoa mafuriko na mito ya mbali, kinachofikika ni kama 12,500. Kwa hiyo tunachota karibu theluthi moja ya kinachofikika, na huo ni wastani wa dunia nzima. Wastani unaficha mambo. Mto Colorado wa Marekani, kwa mfano, tangu miaka ya 1960 ni nadra kufika baharini. Maji yake yaligawanywa kwa mkataba mwaka 1922, kwa kutumia vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi isivyo kawaida, na majimbo yaliyotia saini yakajikuta yamegawana maji ambayo mto haukuwa nayo.

Wanaoshughulika na maji hutumia vipimo vilivyopendekezwa na mtaalamu wa maji wa Sweden, Malin Falkenmark, kutazama nchi au bonde: likiwa na chini ya mita za ujazo 1,700 zinazojazwa upya kwa kila mtu kwa mwaka, liko kwenye shinikizo, chini ya 1,000, kuna uhaba, chini ya 500, uhaba mkubwa kabisa. Kiasi hicho kinashangaza ukikumbuka kwamba mtu anahitaji lita 50 hadi 100 tu kwa siku kunywa, kupika, kuoga na kufua, yaani mita za ujazo 18 hadi 36 kwa mwaka. Pengo lote hilo ni chakula. Kilo moja ya ngano hutumia lita elfu moja hadi elfu mbili kutegemea hewa na udongo, na nyama ya ng'ombe mara nyingi zaidi, maana ng'ombe hula mimea iliyokunywa maji kwa miezi au miaka. Mazungumzo yoyote kuhusu maji yanayoishia bafuni yameacha sehemu kubwa ya hesabu.

Kuna tofauti nyingine ambayo hata maofisa hupotea ndani yake: kuchota na kumaliza. Mtambo wa umeme huchota maji mengi ya kupoozea na kuyarudisha mtoni karibu yote, yakiwa na joto zaidi. Mmea hufanya kinyume: kile unachokunywa hupanda hewani kupitia majani na hakirudi kwenye bonde lile, kitanyesha kwingine. Chukua shamba la mifereji ambalo nusu ya maji hunywewa na mazao na nusu huvuja. Tunaita hiyo hasara, lakini sehemu ya yaliyovuja huzama ardhini na kulisha kisima cha jirani au mto ulio chini. Mwenye shamba akifunga mabomba ya matone, uvujaji hupungua sana. Kama atachota nusu ya alichokuwa akichota, bonde limenufaika. Mara nyingi hafanyi hivyo. Huchota kiasi kilekile na kupanua shamba. Sasa karibu maji yote yanapanda hewani, jirani wa chini hapati kitu, na ripoti inasema ufanisi umeongezeka. Umwagiliaji wa matone ni teknolojia nzuri, lakini kuutolea ruzuku bila kuweka ukomo wa kiasi kinachochotwa kunaweza kukausha bonde haraka zaidi.

Chini ya ardhi, ambako kuisha hutokea kweli

Hapa panastahili muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo maji yanapoisha bila mtu kuona.

Watu wengi hufikiri chini ya ardhi kuna maziwa na mito. Mahali pengi hakuna. Kuna mchanga, kokoto au miamba yenye nyufa, na maji yamejaa katika nafasi ndogo zilizomo. Jaza ndoo mchanga mkavu mpaka ukingoni, kisha mimina maji taratibu: ndoo hiyo iliyojaa bado itapokea maji ya robo hadi theluthi ya ujazo wake. Toboa tundu chini, na utaona kwamba si yote yanayotoka. Mengine hubaki yameng'ang'ania punje. Tabaka la maji ardhini hufanya hivyohivyo. Mchanga mzuri huachia kama asilimia 20 hadi 25 ya ujazo wake. Udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi kuliko mchanga, lakini hauachii zaidi ya asilimia chache, kwa kuwa nafasi zake ni ndogo mno.

Pampu inapoanza kufanya kazi, maji yanayokizunguka kisima hushuka na kutengeneza umbo la faneli, kina kikiwa kikubwa zaidi kisimani na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Visima viwili vikiwa karibu, faneli hizo hukutana na kila kimoja hushusha maji ya mwenzake. Pampu za juu ya ardhi, zile zinazovuta, haziwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8, kwa kuwa kinachosukuma maji juu ni uzito wa hewa, na uzito huo una kikomo. Maji yakishuka chini ya hapo, mwenye kisima kifupi na pampu ndogo hubaki mikono mitupu siku hiyohiyo, wakati mwenye uwezo huchimba zaidi na kuzamisha pampu ya umeme. Kabla tabaka la maji halijaisha, huwa limeshaisha kwa maskini.

Anayefuata maji chini naye hulipa. Kuinua mita moja ya ujazo kwa mita 100 huhitaji uniti 0.27 za umeme kwa hesabu ya fizikia tupu (uniti ni kilowati-saa moja). Kwa pampu ya kawaida yenye ufanisi wa nusu, ni zaidi ya 0.5. Kina kikiongezeka mara mbili, bili nayo huongezeka mara mbili. Mashamba mengi huachwa wakati chini bado kuna maji, kwa sababu mazao hayalipi tena gharama ya kuyapandisha.

Kasi ya kujaa upya hutofautiana kupita kiasi. Kisima kifupi kando ya mto hujaa ndani ya msimu mmoja. Maji yaliyo chini ya Sahara ya mashariki, katika mchanga-mawe wa Nubia, ni ya mvua zilizonyesha makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, hewa ya pale ilipokuwa tofauti. Anayeyachota leo anachimba madini. Tabaka la Ogallala nchini Marekani limetandaa chini ya majimbo 8, na sehemu za Texas na Kansas maji yake yameshuka zaidi ya mita 30 tangu umwagiliaji mkubwa uanze. Setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, zilipima jambo hili kwa njia ya ajabu: mahali penye maji mengi pana uzito zaidi, mvutano wake huongezeka kidogo, na umbali kati ya setilaiti hizo mbili hubadilika kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba kaskazini-magharibi mwa India ilipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini kati ya 2002 na 2008. Kati ya matabaka 37 makubwa kuliko yote duniani, 21 yalipungua katika muongo wa 2003 hadi 2013.

Kuna aina mbili za uharibifu zisizotengenezeka kwa mvua nzuri ya mwaka mmoja. Ya kwanza ni ardhi kushuka. Maji ndani ya tabaka hubeba sehemu ya uzito wa ardhi iliyo juu. Yakiondolewa, udongo wa mfinyanzi hujibana, na ukishajibana haufumuki tena hata maji yakirudi. Nafasi ya kuhifadhia imepotea moja kwa moja. Katika bonde la San Joaquin, California, ardhi ilishuka mita 8.5 kati ya 1925 na 1977. Sehemu za Mexico City bado zinashuka hadi sentimita 50 kwa mwaka, na mabomba ya maji na maji taka hukatika kwa kuwa pande mbili za mtaa mmoja hazishuki sawasawa. Tokyo, ambako maeneo mengine yalishuka zaidi ya mita 4, ilifanikiwa kusimamisha hali hiyo kwa sheria za kubana usukumaji wa maji ya ardhini. Ardhi iliacha kushuka, lakini haikupanda.

Ya pili ni chumvi. Pwani, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 tu, na kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari husukuma chini mpaka wa chumvi kwa mita 40. Geuza hesabu hiyo: ukishusha maji ya kisimani kwa mita moja, hatimaye mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Na chumvi kidogo inatosha kuharibu mengi. Nusu lita ya maji ya bahari katika ndoo ya lita 20 huleta takriban miligramu 475 za kloridi kwa lita, karibu mara mbili ya kiwango cha 250 ambapo ulimi huanza kuitambua. Kisima kilichoingiwa na bahari huchukua miaka mingi kusafishika, maana chumvi hukaa katika nafasi zilezile ndogo zinazohifadhi maji.

Maji yaliyopo yasiyonyweka

Uchafuzi huondoa maji kwenye hesabu sawasawa na ukame. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita, miligramu 1.5 za floraidi na maikrogramu 10 za aseniki. Naitreti hutoka kwenye mbolea na vyoo. Floraidi na aseniki mara nyingi hutoka kwenye miamba yenyewe. Bangladesh iliacha maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara, ikachimba mamilioni ya visima vya bomba, na katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba vingi vilikuwa na aseniki. Maji yalikuwa maangavu, baridi, bila harufu. Kuchemsha hakusaidii kwa kemikali hizi tatu. Maji yakipungua kwa mvuke, kilichomo huongezeka ukali. Mwaka 2022 watu bilioni 2.2 walikuwa hawana maji ya kunywa yanayosimamiwa kwa usalama, na wengi wao hawaishi jangwani. Wanakosa mabomba, uchujaji, umeme wa pampu na vyoo vilivyo mbali na kisima.

Joto la Dunia linazidisha ugumu wa mambo. Kila nyuzi moja ya Selsiasi huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Matokeo yake ni udongo unaokauka haraka na mvua zinazoshuka kwa kishindo, na mvua ya kishindo hupita juu ya ardhi badala ya kuzama. Mito inayolishwa na barafu za milimani hudanganya: barafu ikiyeyuka haraka, mto hujaa kwa miaka kadhaa, watu hupanua mashamba, kisha mtiririko wa kiangazi hupungua moja kwa moja.

Mji unapokaribia sifuri

Cape Town mwaka 2018 ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kila hatua ilipangwa kwa tarakimu. Baada ya miaka mitatu ya mvua haba, mji ulitangaza kwamba mabwawa yakifika asilimia 13.5 ya ujazo, mabomba mengi yatafungwa na watu watapanga foleni kwenye vituo kama 200, lita 25 kwa mtu kwa siku. Asilimia 13.5 si sifuri. Ila maji ya chini kabisa ya bwawa yana matope na hayafiki vizuri kwenye midomo ya kuchotea. Kuanzia Februari 1 kila mtu aliwekewa ukomo wa lita 50. Shinikizo la mabomba lilipunguzwa, nyumba zilizotumia kupita kiasi zikafungiwa vizuizi, na mgao wa mashamba ukakatwa sana. Matumizi ya mji, yaliyokuwa kama lita bilioni 1.2 kwa siku mwaka 2015, yalishuka hadi kama milioni 500. Mvua ilianza kurudi katikati ya mwaka na siku ya kufunga mabomba haikufika. Kilichouokoa mji kwanza ni kupunguza. Mitambo mipya isingekamilika kwa wakati.

Kupunguza huanzia kwenye mabomba yaliyofukiwa. Inakadiriwa kwamba dunia nzima hupoteza mita za ujazo bilioni 126 kila mwaka za maji yaliyokwisha kusafishwa, ama kwa kuvuja ama kwa kutolipiwa. Fundi wa mtandao wa mabomba hutafuta uvujaji kwa kupima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wengi wakiwa wamelala: kinachoendelea kupita saa hizo ni karibu chote uvujaji. Nyumbani ni vivyo hivyo. Funga mabomba yote, soma dira ya maji usiku, soma tena alfajiri kabla ya mtu kufungua bomba. Tarakimu zikiwa zimesogea, funga valvu ya kuingilia chooni na urudie. Mara nyingi mhalifu ni tangi la choo, ambalo huvuja kimya.

Kuondoa chumvi baharini

Kama bahari imejaa, kwa nini tusiisafishe? Tunaisafisha. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha mitambo karibu 16,000 yenye uwezo wa mita za ujazo milioni 95 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni kama bilioni 35. Linganisha na zile bilioni 126 zinazopotea.

Njia inayotawala ni kusukuma maji kupitia utando wenye uwazi mdogo kiasi cha kuzuia chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, na kwa asili maji baridi hutaka kuvuka utando kuelekea upande wa chumvi kwa shinikizo la baa 27 hivi (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la kawaida la hewa). Ili yavuke kinyume, pampu husukuma kwa baa 55 hadi 70. Hugharimu uniti 3 hadi 4 kwa mita ya ujazo, na fizikia haitaruhusu kwenda chini ya takriban uniti 1 ukitaka kupata nusu ya maji uliyoingiza. Kuchemsha na kukusanya mvuke bila kurudisha joto kungetaka zaidi ya uniti 600. Kinachoua utando ni uchafu kabla ya chumvi: mwani, mafuta, na klorini ambayo huula kabisa, kwa hiyo maji huchujwa na klorini huondolewa kwanza. Nusu au zaidi ya maji yaliyoingia hutoka yakiwa na chumvi karibu mara mbili; yakimwagwa mahali pasipo na mkondo, hutulia chini na kuua viumbe wa sakafuni.

Kwa kunywa na kuoga, uniti 3 au 4 kwa lita 1,000 ni gharama inayobebeka kwa mji wenye umeme. Kwa ngano, mambo hubadilika. Tani moja inayohitaji mita za ujazo 1,000 ingetaka uniti 3,500 kabla ya kuhesabu kuyapandisha maji hayo kutoka pwani hadi shambani. Bahari inaweza kunywesha miji. Haitalisha dunia kwa bei ambayo watu wanaweza kulipa.

Maji taka yana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa chumvi yake ni kidogo sana kuliko ya bahari. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, imekuwa ikigeuza maji taka kuwa ya kunywa tangu mwaka 1968, na mtambo wake wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2002, una uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Maji hupita kwenye ozoni, gesi inayoua vijidudu, uchafu hugandishwa na kueleshwa juu kwa viputo vya hewa, hufuata mchanga, ozoni tena, makaa ya kuchujia, utando, na mwisho klorini. Siri yake ni kwamba hakuna hatua inayoaminiwa peke yake: kikishindwa kizuizi kimoja, vingine vipo, na maji ya viwandani yenye kemikali hutengwa yasiingie mwanzoni.

Kujua kama chanzo chako kinaisha

Anayetegemea kisima kirefu anaweza kujua mapema. Zima pampu usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha shusha utepe wenye kitambuzi kinacholia kikigusa maji. Pima kutoka alama ileile kwenye mdomo wa bomba, kila mwezi, na uandike tarehe. Linganisha mwisho wa kiangazi na mwisho wa kiangazi uliopita. Kulinganisha kiangazi na masika hakukuambii kitu. Kisha washa pampu, na baada ya saa moja pima tena, pamoja na mita za ujazo zilizotoka.

Vipimo hivi viwili hutenganisha magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya kwa gharama kubwa. Kina cha usiku kikiwa kilekile mwaka hadi mwaka, lakini maji yakishuka zaidi kila pampu inapowashwa, tabaka liko salama na kisima ndicho kimeziba: kutu, bakteria wa chuma au mchanga vimejaa kwenye chujio la bomba, na kisima kinahitaji kusafishwa. Kina cha usiku chenyewe kikishuka mwaka baada ya mwaka, maji yanachotwa kuliko yanavyoingia. Kuchimba kirefu zaidi kutaongeza miaka kadhaa tu, na dawa iko kwenye makubaliano ya wote wanaochota tabaka hilo, wakiwa na dira za maji kwenye visima vyao, kuhusu kiasi cha kila mmoja.

Karibu na bahari ongeza kipimo cha upitishaji umeme, kwa kifaa kidogo cha mkononi. Maji mengi mazuri ya kisima husoma mamia ya maikrosiemensi kwa sentimita. Bahari husoma kama 50,000. Kipimo kikipanda mfululizo kwa miezi kadhaa, punguza saa za kusukuma na usukume polepole kwa muda mrefu badala ya kwa nguvu kwa muda mfupi, au sambaza uchotaji kwenye visima vifupi kadhaa. Usishushe pampu chini zaidi: huko ndiko chumvi inakotokea.